Kwa nini samaki wa mapambo huuana ndani ya tangi la kioo

Na Mwandishi Wetu, Lufingo

TANGI la kioo lililowekwa sebuleni huchukuliwa na wengi kuwa pambo la utulivu. Maji yanametameta, mawe yamepangwa kwa ustadi, na samaki wa rangi ya samawati, manjano na zambarau wanapita huku na huko. Baada ya wiki chache mwenye tangi huamka asubuhi akakuta mmoja wao anaelea, mapezi yamechanika na magamba ya ubavuni yamebanduka. Wiki inayofuata anakufa mwingine. Maji yakipimwa hayaonekani kuwa na kasoro, chakula ni kilekile cha siku zote, na hakuna dalili ya ugonjwa unaofahamika.

Mara nyingi mhusika yumo humo humo. Ni yule aliyenawiri kuliko wote, mwenye rangi kali, anayekuja mbele ya kioo kila anapoona mkono wenye chakula. Aghalabu ndiye anayependwa zaidi na watoto wa nyumba hiyo.

Wafugaji wengi humwona samaki wa namna hiyo kuwa na roho mbaya, wakamwondoa wakidhani wamemaliza tatizo. Wanasayansi waliochunguza tabia za samaki kwa zaidi ya nusu karne wanaonesha jambo tofauti. Ukali huo upo pia ziwani na baharini, na huko mara chache humuua mtu wa pili katika ugomvi, kwa sababu anayeshindwa hukimbia. Ndani ya tangi hakuna pa kukimbilia.

Kwa mkazi wa Lufingo, katika Wilaya ya Rungwe, habari hii si ya mbali kama inavyoweza kudhaniwa. Samaki wa miamba ya matumbawe wanaofugwa katika maji ya chumvi wako mbali, huko Zanzibar, Mafia na Mtwara. Lakini mbuna, samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa ambao wamejaa katika matangi ya Ulaya, Marekani na Asia, wako chini tu ya milima hii, upande wa Kyela na kuendelea kusini kando ya safu ya Livingstone. Na ndani ya Rungwe yenyewe kuna maziwa madogo ya kasoko, yaani yaliyojaa katika midomo ya volkano za zamani, ambayo yamewapa watafiti mafunzo makubwa kuhusu rangi na uhusiano wa samaki.

Himaya na mipaka yake

Mbuna ni kundi la samaki wa jamii ya sikilidi, jamii moja na sato, perege na furu. Wengi wao hawazidi urefu wa kiganja. Huishi kwenye mawe ya ufukweni na kula zaidi mwani unaoota juu ya mawe hayo pamoja na wadudu wadogo waliomo. Jiwe lenye mwani mzuri na pango la kuzalia ni mali, na dume aliyelipata hulilinda dhidi ya kila anayesogea. Jike akishataga huyachukua mayai mdomoni na kuyalea humo kwa takriban wiki tatu, bila msaada wa dume. Kwa hiyo kazi kubwa ya dume ni kuwa na mahali, kuonekana, na kuwafukuza wapinzani.

Ugomvi wenyewe huwa na taratibu zake. Madume wawili husimama ubavu kwa ubavu, wakatandaza mapezi ili kila mmoja aonekane mkubwa. Rangi huzidi kukolea. Wakiona hawatofautiani sana, hutikisa mikia kusukumiana maji, na mwisho hushikana midomo na kuvutana. Mdogo au mnyonge kwa kawaida huacha kabla ya kufikia hatua hiyo. Hukunja mapezi, rangi yake hupauka, kisha huondoka. Mshindi humfukuza hadi kwenye mpaka wa himaya yake na kurudi nyumbani. Ziwani mpaka huo unaweza kuwa hatua chache tu kutoka jiwe la katikati.

Sasa achukuliwe dume huyohuyo na kuwekwa katika tangi la urefu wa sentimita 60. Tangi zima ni himaya yake. Mnyonge hukimbia hadi kwenye pembe, anagota kioo, na kwa kuwa bado anaonekana ndani ya mipaka, mshindi huhesabu kuwa hajaondoka. Humpiga tena, na tena kesho. Ile alama ya kushindwa ambayo ingemwokoa ziwani, yaani kuondoka, haiwezekani kutolewa.

Kifo chenyewe mara nyingi hakitokani na jeraha. Samaki anayefukuzwa kutwa hali, hapumziki, na mwili wake hujaa homoni za mfadhaiko zinazodhoofisha kinga. Ukungu na bakteria ambao wamo katika kila maji humwingia kwa urahisi kupitia vidonda vya mapezi. Ndiyo maana wafugaji wengi hununua dawa moja baada ya nyingine, wakatibu ugonjwa ambao ni matokeo tu.

Aliyeanza kulieleza jambo hili kwa umma mpana ni Konrad Lorenz, mtaalamu wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Nikolaas Tinbergen na Karl von Frisch. Katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu ukali wa wanyama, alianzia kwa samaki wa miamba ya matumbawe, aliowatazama baharini Florida na katika matangi yake. Aliona kwamba wale wenye rangi za kupiga kelele huwashambulia zaidi wa aina yao wenyewe, akalinganisha rangi hizo na mabango ya matangazo: zinamwambia mwenzake wa aina ileile kuwa hapa pana mwenyewe.

Hoja yake haikusimama yote. Wapo samaki wa matumbawe wenye rangi za kuvutia wanaoishi wawili wawili kwa amani, na wapo wengine wadogo, hasa wale wanaolima mwani wao juu ya matumbawe, wanaomfukuza kila mla mwani awe pono, kangaja au mwingine yeyote. Lakini kiini cha hoja kimebaki, na kila anayefuga samaki anakutana nacho: adui wa kwanza ni yule anayefanana na wewe, au anayekula chakula chako.

Rangi ya jirani

Ushahidi mzuri zaidi wa jambo hilo umepatikana hapa Tanzania. Katika visiwa vya mawe vya Ziwa Victoria upande wa Mwanza kuna furu wawili wa karibu sana, Pundamilia pundamilia ambaye dume lake ni la bluu, na Pundamilia nyererei ambaye dume lake lina wekundu mgongoni. Huyo wa pili alipewa jina mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka 2004 watafiti Ole Seehausen na Dolph Schluter walichapisha kazi iliyoonesha kuwa madume wa furu hao wa mawe huelekeza ukali zaidi kwa wenye rangi kama yao, na kwamba majirani wa himaya huelekea kuwa wa rangi tofauti. Kwa maneno mengine, dume mwenye rangi ngeni hupata nafasi ya kujipenyeza mahali ambapo dume wa rangi ya kawaida angepigwa.

Mwaka uliofuata Peter Dijkstra na wenzake waliwapambanisha madume wa bluu na wekundu maabara. Wekundu walielekea kushinda. Taa zilipobadilishwa kuwa za kijani, ambamo wekundu hauonekani vizuri, faida hiyo ilipungua. Mfugaji anayechagua taa ya tangi kwa ajili ya uzuri tu, bila kujua, anaingilia pia mizani ya nguvu ndani ya maji.

Hapa ndipo maziwa ya Rungwe yanapoingia. Ziwa Masoko, ambalo pia huitwa Kisiba, liko mwendo mfupi wa gari kutoka Tukuyu. Ni la duara, upana wake ni kama mita 700 tu, na kina chake kinazidi mita 30. Wageni wengi hulijia kwa sababu ya simulizi za sarafu za Wajerumani zinazodaiwa kutupwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hazina waliyoikuta wanasayansi ni nyingine. Mwezi Desemba 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Milan Malinsky na wenzake, akiwamo Benjamin Ngatunga wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), kuhusu furu wa ziwa hilo, Astatotilapia calliptera. Karibu na ufuko, ambako mwanga ni mwingi, madume yao ni ya manjano. Chini ya mita 20 hivi, ambako mwanga ni hafifu, madume ni ya bluu iliyokoza. Vinasaba vinaonesha kuwa makundi hayo mawili yalianza kuachana katika kipindi kisichozidi miaka 1,000 iliyopita, muda ambao kwa historia ya viumbe ni sawa na jana.

Dume wa calliptera ni mlinzi wa himaya kama jamaa zake wote. Anayewavua kadhaa ufukweni na kuwaweka pamoja katika beseni la kioo hujionea haraka: baada ya siku chache dume mmoja hubaki na umanjano wake, wengine wote hupauka na kufanana na majike.

Ukimwondoa mbabe

Kupauka huko si hofu ya kupita. Kwa samaki wa karibu na huyu, Astatotilapia burtoni wa Ziwa Tanganyika, maabara ya Russell Fernald katika Chuo Kikuu cha Stanford ilichunguza kwa miaka mingi mabadiliko ya cheo. Dume mnyonge hana rangi, hana himaya na viungo vyake vya uzazi vimesinyaa. Mbabe akiondolewa, mnyonge huanza kung'aa na kufukuza wengine katika muda wa dakika chache, na ubongo wake nao hubadilika. Mwaka 2007 maabara hiyo ilionesha katika jarida la Nature kuwa samaki hao hujua nani ana nguvu kuliko nani kwa kutazama tu mapigano ya wengine, bila wao kupigana.

Kwa hiyo mfugaji anayemtoa mbabe na kuwaacha waliobaki katika tangi lilelile dogo hajaondoa ubabe. Ametangaza nafasi ya kazi. Wenye uzoefu humtoa kwa siku kadhaa, na wakati huohuo wakapangua mawe yote na kuyapanga upya. Akirudishwa, hukuta ramani aliyoijua haipo, na wenzake wameshagawana mapango mapya. Yeye sasa ndiye mgeni.

Swali la ukubwa wa tangi lilipimwa na Ronald Oldfield wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Alitumia sikilidi wa Amerika ya Kati anayefugwa sana majumbani. Kuongeza ukubwa kidogo, kutoka tangi dogo hadi lingine dogo, hakukuleta tofauti ya maana. Ukali ulipungua pale samaki walipowekwa katika tangi kubwa zaidi lenye maficho mengi. Anayenunua tangi la sentimita 60 na baadaye kulibadili kwa la sentimita 75 akitarajia amani anapoteza fedha.

Kwa mbuna, wafugaji wengi huanzia tangi la urefu wa sentimita 120. Likiwa na upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 50, hubeba lita 240. Maji hayo pekee yana uzito wa kilo 240, bado mawe na kioo, hivyo kabati la kawaida la sebuleni halifai. Urefu una faida kuliko kimo, kwa kuwa samaki hawa hupima himaya kwa sakafu na mawe. Mawe yapangwe yafike karibu na uso wa maji na yaache matundu mengi yenye milango miwili, ili anayeingia kwa kukimbia asikamatwe ndani. Muhimu zaidi ni kuukata mstari wa macho. Mnyonge asiyeonekana ni sawa na aliyeondoka.

Kila dume awe na majike watatu au zaidi wa aina yake, ili usumbufu wa kutongozwa usimwangukie mmoja. Madume wa aina mbili wenye michirizi na rangi zinazofanana wasiwekwe pamoja. Kinyume na inavyotarajiwa, samaki wawili au watatu peke yao katika tangi ni hali ya hatari kuliko kundi la 15 au 20, kwa maana katika kundi mbabe hushindwa kumwandama mmoja kutwa nzima. Lakini wingi una gharama yake. Uchafu huongezeka, kichujio lazima kiwe na uwezo mkubwa, na maji yabadilishwe sehemu kila wiki. Umeme ukikatika usiku, tangi lililojaa huishiwa hewa mapema, na pampu ndogo ya betri huwa na thamani kuliko mapambo yote.

Tukuyu na vitongoji vyake vina baridi ambayo mbuna hawaijui. Wao wamezoea maji ya nyuzijoto 23 hadi 28, yenye pH inayokaribia 8. Bila kipasha joto na kipimo cha pH, samaki wa Nyasa aliyeletwa Lufingo huanza maisha akiwa mnyonge, na mnyonge ndiye anayeandamwa.

Maji ya chumvi

Tangi la miamba ya matumbawe lina sheria hizohizo kwa gharama kubwa zaidi. Tatizo la kwanza ni kwamba mawe hai na matumbawe hayapanguliwi kirahisi kama mawe ya Nyasa, kwa hiyo mpangilio wa kuingiza samaki ndio silaha kuu. Wapole hutangulia, wakapata mahali pao. Wakali, hasa samaki wadogo wanaolima mwani pamoja na kangaja, huingia mwisho. Kangaja wawili wenye umbo moja wasikutanishwe katika tangi la nyumbani. Wana mwiba mkali kama wembe kwenye shina la mkia, na pigo moja hupasua ubavu wa mwenzake. Hukata hata mkono wa mtu.

Wale samaki wadogo wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya kiua cha bahari, wa jamii ya Amphiprion, ambao wako pia katika pwani ya Tanzania, wana utaratibu wa ajabu. Katika kila kiua mkubwa kuliko wote ni jike, anayemfuata ni dume, na waliobaki hawazai. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike na anayefuata hupanda cheo. Peter Buston alionesha mwaka 2003 kuwa walio chini hudhibiti ukuaji wao wenyewe ili wasimkaribie kimo aliye juu yao, kwa kuwa anayemkaribia hufukuzwa, na nje ya kiua kifo kiko karibu. Mfugaji hununua watatu wenye kimo sawa kwa sababu wanapendeza. Wawili wakishapatana, wa tatu hana kiua kingine cha kwenda.

Mgeni yeyote, wa maji baridi au ya chumvi, huingizwa taa zikiwa zimezimwa na wenyeji wakiwa wameshalishwa. Kisha atazamwe kwa saa kadhaa, si kwa dakika tano. Samaki aliyejibana kwenye pembe ya juu karibu na kichujio, mapezi yamekunjwa, anapumua haraka na hasogelei chakula, atolewe siku hiyohiyo. Hatajirekebisha.

Aliyetolewa apelekwe wapi

Swali hili ndilo linalohusu watu wengi kuliko wenye matangi. Aliyepigwa anahitaji tangi la pili, hata la lita 40, lenye kichujio na bomba pana la kujificha. Asiyehitajika tena arudishwe dukani au apewe mfugaji mwingine. Asitupwe mtoni wala ziwani, hata kama anatoka katika ziwa hilohilo.

Madhara yake yanajulikana. Upande wa Malawi, katika kisiwa cha Thumbi West karibu na Cape Maclear, mbuna waliotolewa sehemu nyingine za ziwa kwa biashara ya samaki wa mapambo waliachiwa majini miongo kadhaa iliyopita, wakastawi miongoni mwa wenyeji wa kisiwa hicho. Ziwa Victoria lilipoteza aina nyingi za furu baada ya sangara kupandikizwa humo katika miaka ya 1950 na 1960. Na mwaka 2019 watafiti, wakiwamo wa TAFIRI, walichapisha matokeo yaliyoonesha jinsi sato wa kigeni walivyosambaa katika mabonde mengi ya mito na maziwa ya Tanzania baada ya miongo ya kupandikizwa kwa makusudi, huku wakizaana na sato wa asili.

Rungwe ina samaki wa kupoteza. Ziwa dogo la kasoko la Kyungululu, ambalo katika maandishi ya kisayansi huandikwa Chungruru, ndilo makazi ya sato anayeitwa Oreochromis chungruruensis. Alielezwa kitaalamu mwaka 1924, na hana ziwa lingine la asili duniani.